Nyangumi wa Burgeo, viboko wa Vitshumbi

Filamu ninayotaka kuiongelea ni ya zamani kuliko wengi wetu. Ilitengenezwa kwa ajili ya televisheni na kurushwa na kituo cha ABC cha Marekani mwaka 1981. Inaitwa A Whale for the Killing. Kwa lugha yetu ningeiita "Nyangumi wa Kuuawa". Mwigizaji mkuu ni Peter Strauss. Kisa chenyewe ni kifupi. Nyangumi ameingia kwenye kidimbwi cha maji ya bahari, ameshindwa kutoka, na wanaume wa kijiji wanakuja na bunduki kumpiga. Hawamtaki nyama wala mafuta. Wanampiga kwa sababu yupo pale na hana pa kwenda. Mgeni mmoja aliyefika kijijini na familia yake anajaribu kuwazuia.

Niliitazama hapa Naguru, kwenye laptop ya jirani, kutoka kwenye flash iliyokwisha kupita mikono mingi. Kwa ninyi mlioko Nakivale au Rwamwanja ambao hamjafika, Naguru ni mlima wa Kampala wenye sura mbili. Juu kuna makao makuu ya polisi, studio za NBS, nyumba za mageti makubwa na ofisi za kila aina. Chini ni Go Down, vyumba vimebanana, maji ya mvua yanapita mlangoni. Palikuwa pia na nyumba za kupanga zilizojengwa enzi ya mkoloni. Zilibomolewa mwaka 2011 na wapangaji wakatawanyika. Sisi Wakongomani wa hapa ni wachache kuliko wale wa Nsambya au Katwe, lakini Jumapili jioni, yaka ikiwa haijaisha, hatukosi kukutana.

Kampala filamu ya kizungu haitazamwi kimya. Kwenye vibanda kuna VJ, anatafsiri kwa Luganda na kuongeza chumvi yake mpaka watu wanasahau sauti ya asili. Siku ile VJ nilikuwa mimi, kwa Kiswahili cha kwetu Kivu, na watu kumi na mmoja chumbani. Neno la kwanza tu likanishinda. Nikasema "nyangumi", wakanitazama. Wengi hatujawahi kuona bahari. Maji makubwa tunayoyajua ni ya ziwa. Nikaeleza kwamba si samaki, ni mnyama, anapumua hewa kama sisi, anazaa na kunyonyesha. Mama mmoja wa Vitshumbi akasema, "Bon, iko kiboko ya bahari." Sikubisha. Kuanzia hapo chumba kizima kikamwita kiboko.

Bunduki zilipoanza kulia, yule mama aliuliza, "Banamupiga bule tu? Habata mukula?" Nikamwambia hawatamla. Akavuta kitenge chake vizuri, akanyamaza. Ni mtu aliyeona watu wakiua kwa njaa, kwa ardhi, kwa kisasi na kwa amri ya mkubwa. Kuua kwa kupitisha jioni ndiko kulikokosa mahali pa kukaa kichwani mwake.

Kumbe kisa hicho hakikutungwa na watu wa televisheni. Kilitokea kweli, mwezi wa Januari na Februari 1967, kwenye mji mdogo wa wavuvi uitwao Burgeo, katika kisiwa cha Newfoundland, mashariki ya Kanada. Mwandishi Farley Mowat alikuwa akiishi hapo na mkewe, akakiandika kitabu kilichotoka mwaka 1972. Filamu ilichukuliwa kutoka humo.

Ilikuwa hivi. Karibu na Burgeo kuna kidimbwi cha maji ya chumvi kiitwacho Aldridges Pond. Kinaungana na bahari kwa njia nyembamba isiyo na kina. Nyangumi jike, wa ile aina inayoshika nafasi ya pili kwa ukubwa duniani, urefu wake kama mita 20, alipita humo akifuata makundi ya samaki wadogo, mfano wa sambaza wetu wa Kivu. Maji yalikuwa ya bamvua, yale yanayojaa sana kuliko siku nyingine. Maji yakapwa, mlango ukafungwa nyuma yake. Ili atoke ilibidi angoje bamvua nyingine kubwa kama ile, kazi ya wiki kadhaa.

Ndipo wanaume wa pale wakaja na bunduki. Kwa siku kadhaa walimpiga kila alipoibuka kupumua, na hilo ndilo jambo ambalo nyangumi hawezi kuliacha. Mamia ya risasi yaliingia. Wengine walimfukuza kwa boti za injini, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Nje, upande wa bahari, Mowat aliandika kwamba nyangumi mwingine alikuwa akizunguka hapohapo, akiibuka anapoibuka yule wa ndani. Pale nilipowaeleza wenzangu jambo hili, hakuna aliyehitaji tafsiri. Kila mmoja chumbani ana mtu wake upande wa pili wa mpaka.

Mowat alipata habari kutoka kwa wavuvi wa hapohapo Burgeo. Akapiga simu kwenye magazeti na redio, na Kanada nzima ikajua. Waziri kiongozi wa jimbo, Joey Smallwood, akaahidi dola 1,000 za kumlisha, na Mowat akapewa cheo cha mlinzi wa nyangumi. Watu wakajaribu kuswaga samaki na kuwazuia humo kidimbwini ili apate chakula. Lakini vidonda vilikuwa vimeoza ndani. Mapema Februari alikufa. Mowat aliandika kwamba alikuwa na mimba.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, maana kati ya jambo lililotokea na jambo lililoonyeshwa kwenye televisheni kuna tofauti moja inayotuhusu sisi.

Katika filamu, mwenye huruma ni mgeni. Ametoka nje, amewakuta wenyeji, na wenyeji ndio wenye bunduki. Katika kisa cha kweli Mowat hakuwa mgeni wa namna hiyo. Alikuwa amekaa Burgeo tangu mwaka 1962, ana nyumba, anajua majina ya watu na watoto wao. Waliompiga nyangumi walikuwa jirani zake. Waliokuja kumwambia "kuna nyangumi anauawa" nao walikuwa jirani zake. Mji ulikuwa mmoja, wavuvi walewale, ukali uleule wa baridi, wengine wakaja na risasi na wengine wakaja na habari. Televisheni ilipoweka wema wote mikononi mwa mgeni, ilituchorea picha nyepesi ya kuamini: wenyeji ni wakatili, wema unakuja na ndege.

Sisi picha hiyo tunaijua. Tumeona vipeperushi na video ambazo sisi wenyewe tumo, tumesimama nyuma, na mbele kuna mtu mwenye koti lenye nembo. Siwalaumu wafanyakazi wa mashirika wanaosoma jarida hili. Wengi wenu mnaijua picha hiyo na hamuipendi pia. Nasema tu kwamba ukiitazama filamu hii kwa jicho la Go Down, unataka kujua habari za wale wavuvi wawili watatu waliotembea kwenda kugonga mlango wa Mowat. Walisema nini nyumbani waliporudi? Nani aliacha kuwasalimia? Hao ndio ningewatengenezea filamu.

Kuna jambo jingine kuhusu watu wa pwani ile ambalo ni vizuri tulijue. Kati ya mwaka 1954 na 1975 serikali iliwahamisha watu karibu 30,000 wa Newfoundland kutoka vijiji vidogo vya wavuvi karibu 300. Waliambiwa vijiji vyao viko mbali mno, haviwezi kupelekewa shule, hospitali na barabara, basi wapokee fedha kidogo na kuhamia miji mikubwa zaidi. Wengine walielea nyumba zao baharini, wakazivuta kwa boti. Makanisa na makaburi yakabaki peke yake. Burgeo ya 1967 ilikuwa katikati ya kipindi hicho. Mji wenyewe ulikuwa bado hauna barabara ya kuutoa nje. Na mwaka 1992 samaki aina ya chewa walipokwisha kwa kuvuliwa kupita kiasi na serikali ikafunga uvuvi wake, watu kama 30,000 wa jimbo hilo walipoteza kazi kwa mara moja.

Kwa hiyo waliokuwa wakimpiga risasi mnyama asiyeweza kuhama walikuwa wanaishi kati ya watu waliokuwa wakihamishwa. Nilipolisoma hilo nilikaa nalo siku nyingi. Sisi wakimbizi tuna desturi ya kusema kwamba aliyeteseka anajua uchungu, kwa hiyo hawezi kumtesa mwingine. Tunalisema kanisani, tunalisema kwenye mikutano ya jamii, tunawaambia hata wageni. Natamani iwe kweli. Lakini kuteseka peke yake hakumfundishi mtu huruma. Mara nyingine kunamfundisha tu kwamba duniani kuna anayepiga na anayepigwa, na leo nimepata nafasi ya upande wa kwanza.

Sasa nirudi kwa kiboko, maana yule mama wa Vitshumbi alinirudisha mwenyewe.

Vitshumbi iko kando ya Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Katikati ya miaka ya 1970 viboko wa hifadhi ile walihesabiwa karibu 29,000. Hapakuwa na mahali pengine duniani palipokuwa na viboko wengi namna hiyo pamoja. Hesabu ya mwaka 2005 haikufika 1,000. Waliuawa na wanajeshi, na maimai, na waasi wa kila jina, kwa silaha za vita. Nyama iliuzwa sokoni, meno yakaenda kwa wafanyabiashara. Kiboko naye, kama nyangumi, lazima aibuke kupumua. Mwenye bunduki anakaa ukingoni tu, anangoja.

Wavuvi waliona matokeo kwenye nyavu zao. Kiboko usiku anapanda nchi kavu kula majani, asubuhi anarudi majini na kuacha mavi yake humo. Mavi yale yanalisha vimelea vidogo vya majini ambavyo macho hayavioni vizuri, na hivyo ndivyo vinavyomlisha tilapia. Viboko walipopungua, tilapia akapungua. Mama alituambia kwamba mumewe alikuwa anarudi asubuhi na samaki wa kuhesabu kwa vidole, na kwamba wazee wa ziwa walikuwa wanasema wazi: ziwa limenyimwa chakula. Hakuwahi kusomea biolojia, wala hakuhitaji.

Kijana mmoja pale chumbani alikasirika. Nitaandika maneno yake kama alivyoyasema, maana najua wasomaji wengi wa jarida hili watakuwa wamekwisha kuyafikiri: "Batu banakufa kwetu, weye unatuonesha samaki." Watu wanakufa kwetu, na wewe unatuonyesha samaki.

Ni neno zito, na sitalijibu kwa mzaha. Kuna mambo ya kuuma hapa. Nyangumi mmoja alipata redio, magazeti, fedha za serikali, kitabu na filamu. Tuna vijiji huko Rutshuru na Masisi ambavyo havikupata hata mstari mmoja wa gazeti. Mtu akikwambia usilie kwa ajili ya mnyama wakati mtoto wa dada yako hajulikani alipo, huwezi kumwambia hana haki.

Lakini nilimwuliza: waliowaua viboko ni kina nani? Akanyamaza, maana anawajua. Ni walewale. Bunduki zilizokuwa zinafyatuliwa ziwani mchana ndizo zilizokuja vijijini usiku. Hawakuwa na mkono mmoja wa wanyama na mwingine wa watu. Na waliojaribu kuwazuia ni watu pia, walinzi wa hifadhi, Wakongomani, vijana wa vijiji vya kando, wenye wake na watoto. Zaidi ya 200 wameuawa Virunga wakiwa kazini. Mowat alipewa cheo cha mlinzi kwa maneno mazuri ya mwanasiasa. Wale wa kwetu cheo hicho wamekilipia kwa mwili. Ukisema tusiongelee viboko tuongelee watu, hao 200 utawaweka upande gani?

Mama wa Vitshumbi hakuwa upande wangu kabisa, wala upande wa kijana. Yeye alisema, "Siku ya kwanza, kama mutu mumoja alisema 'muache', bangeliacha." Alikuwa anaongelea Burgeo. Mtu mwingine akamrudishia palepale: kwetu aliyesema "muache" alipigwa yeye. Na kweli, hizo ni habari mbili. Mtu aliye kwenye kundi lenye silaha, na njaa, na kamanda, habadiliki kwa neno la jirani. Mtu aliyetoka nyumbani kwake baada ya chakula kwenda kutazama wenzake wakifyatua, huyo neno linaweza kumgeuza, hasa likisemwa na mtu anayemjua, na likisemwa mapema, kabla ukatili haujawa mchezo wa mji mzima.

Mowat alisema, lakini siku kadhaa zilikuwa zimepita. Na alisemea redioni. Watu wa Burgeo walisikia mji wao ukiitwa mji wa makatili kutoka pande zote za nchi, hata wale ambao hawakugusa bunduki, hata wale waliobeba nyavu kusaidia. Wakamwona msaliti. Mwaka uleule yeye na mkewe walihama, hawakurudi kuishi tena.

Wafanyakazi wa ulinzi katika mashirika, hapa nina neno nanyi. Mnatuambia "ripotini". Kwenye kila ukuta kuna namba ya simu ya bure. Ni jambo jema na lisiondolewe. Lakini mtu anayeripoti atarudi kulala kwenye mstari uleule wa nyumba, atachota maji kwenye bomba lilelile, na kufikia jioni wote watajua ni nani aliyepiga simu. Mowat alikuwa na kitabu cha kuuza na mji mwingine wa kuhamia. Mama wa kambini ana kadi yenye jina la kambi hiyo hiyo. Mkitaka watu waseme, panga kwanza ni nani atakayekaa naye baada ya kusema. Bila hivyo mnamwita atoke kwenye maji ya kina akaingie kidimbwini.

Na sisi tunaotazama tu, filamu ina neno kwetu pia. Si kila aliyekwenda Aldridges Pond alikwenda na bunduki. Wengine walikwenda kuona. Kutazama nako kunaweza kumbana mnyama. Kizimkazi, Unguja, pomboo waliwahi kuuawa ili nyama yao iwe chambo cha papa. Miaka ya 1990 watalii wakaanza kuja kuwaona, na pomboo hai akawa na thamani kuliko aliyekufa. Hilo ni jema. Lakini leo boti nyingi zinalizingira kundi moja, zinalikimbiza, watu wanajitupa majini juu yake, na pomboo hapati nafasi ya kupumzika wala kula. Kila mmoja botini anasema anawapenda.

Kwenye Ziwa Edward lenyewe kuna jambo la ajabu zaidi. Ziwa ni moja, mpaka umepita katikati yake. Upande wa Uganda, kwenye mfereji wa Kazinga, watalii wanapanda boti taratibu na kuwapiga viboko picha. Upande wetu viboko walikuwa wanapigwa risasi. Ni mnyama yuleyule, wa maji yaleyale. Thamani yake ilitegemea alijikuta amelala upande gani wa mstari usioonekana. Nilipolisema hilo chumbani watu walicheka, kicheko cha mtu aliyesikia habari zake mwenyewe zikisomwa kwa jina la mwingine.

Kwa hiyo kwangu mimi filamu hii inaongelea kidimbwi kuliko inavyoongelea bahari. Bahari ingekuwa wazi, wanaume wale wasingefanya kitu. Nyangumi angezama na kwenda zake. Ukatili wao ulianza pale mlango ulipofungwa. Ukitaka kujua mji una watu gani, usiulize wanamfanyia nini mtu mwenye nguvu au mgeni anayepita. Angalia wanamfanyia nini yule asiyeweza kuondoka.

Na kwetu wapo wengi wasioweza kuondoka. Msichana wa kazi za ndani ambaye mwajiri amemfungia kadi yake kabatini. Mzee anayengoja mgao, ambaye vijana wanampita kwenye foleni kila mwezi kwa sababu hawezi kupiga kelele. Familia mpya isiyojua Luganda wala Kiingereza, inayouzwa dumu la maji kwa bei mara mbili na jirani Mkongomani mwenzake. Hakuna bunduki hapo, wala kamanda. Hizo ni habari za aina ya Burgeo, zile ambazo neno la jirani, likija mapema, linaweza kuzigeuza.

Huku Go Down tuna kijana wa kwetu ambaye akili yake haijatulia tangu afike. Anaongea peke yake, anaokota chupa. Watoto walimfanya mchezo. Walianza na maganda ya ndizi, wakaja na mawe, na watu wazima waliokuwa wamekaa kwenye boda zao walicheka, mmoja akawa anawaonyesha watoto namna ya kulenga. Kijana hana pa kwenda. Akipanda juu, walinzi wa mageti wanamrudisha, akivuka upande mwingine ni barabara kubwa. Kila siku saa kumi na moja jioni, mchezo ulikuwa unaanza.

Yule mama wa Vitshumbi anauza samaki wa kukaanga kwenye kona hiyo. Hakuhutubia mtu, hakupiga simu popote. Aliweka kigoda kando ya jiko lake, upande wa ukutani, akamwita kijana akae hapo, akampa kazi ya kumshikia sahani ya chumvi. Jioni ya kwanza watoto walikuja na mawe yao, wakasimama. Mbele ya kijana kulikuwa na karai la mafuta yanayochemka, na nyuma ya karai kulikuwa na mama anayewajua wote kwa majina, na anayejua mama zao. "Muache," aliwaambia, huku anageuza samaki. Walizubaa kidogo, kisha mmoja akauliza samaki mdogo ni shilingi ngapi.